Mzigo Huambiwa Uendako

Mvua ya kwanza ya Novemba ilipoanza kunyesha Itetemia, Doto alikuwa amechuchumaa uani akigongomea mshikio wa ndoo ya bati, na hakuinuka. Wengine walikimbilia barazani. Jirani yake Dafrosa alimpigia kelele kutoka mlangoni amwanulie nguo kambani, kwa kuwa yeye hakuwa na la kupoteza. Doto akaweka nyundo chini, akaanua kanga nne na shuka moja, akazipeleka. Nguo zilikuwa zimelowa chapachapa. Doto alikuwa mkavu. Akarudi kwenye ndoo yake, akachuchumaa pale pale kwenye kiduara cha vumbi ambacho mvua ilikuwa imekiruka.

Huu ulikuwa mwaka wa tisa maji hayamgusi. Hayakuwa na ugomvi naye. Yalimkwepa tu, kama mtu anavyompisha mkwewe njiani. Ya kunywa yalikubali kuingia. Ya nje ndiyo yaliyokataa: yalifika karibu na ngozi, yakajikusanya kuwa matone, yakaviringika yakaenda zake. Alijisafisha kwa majivu na mafuta ya mawese. Kanisani, katekista Modest alikuwa amemwomba kwa upole asikae mstari wa mbele, maana padri akinyunyiza maji ya baraka yalidunda kwa Doto yakalowesha vitabu vya nyimbo vya wenzake. Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa na neno. Kila mtu ana lake, na la Doto angalau halikuwa na kelele.

Sababu yake watu waliijua nusu. Doto alikuwa na pacha wake, Kulwa, aliyeolewa Mpelelo, ng'ambo ya mto Lwande, kwenye njia ya zamani ya wapagazi itokayo Kwihara kwenda machweo. Miaka tisa nyuma, mwezi wa tatu, Kulwa alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, mto ukiwa umefurika. Doto, aliyekuwa amekwenda kumchukua, alikaa naye ukingoni tangu saa moja asubuhi, wakisubiri maji yapungue. Saa kumi na mbili jioni Kulwa alifariki, mtoto akiwa tumboni. Mtoni hapo palikuwa na nguzo nne za daraja, bila daraja lenyewe. Zilisimamishwa mwaka mmoja wa uchaguzi, na kila uchaguzi uliofuata zilipakwa chokaa upya, kwa hiyo zilikuwa safi sana.

Mvua ilipokatika siku hiyo ya Novemba, gari la mizigo lilisimama mbele ya uwanja wa Doto likiwa limebeba kitu kirefu cha bati jeupe, kimechongoka mbele na nyuma. Akashuka kijana mwembamba mwenye miwani.

"Shikamoo, mama. Nimeelekezwa kwamba wewe ndiye fundi bati."

"Marahaba. Umeelekezwa vizuri. Huo ni mtumbwi au jeneza?"

"Ni kiatu cha ndege."

"Basi kishushe tukitazame."

Kijana huyo aliitwa Emilian, injinia wa shirika moja dogo lililokuwa limeleta ndege ya kutua majini kwenye bwawa la Igombe. Ndege yenyewe haikuwa na magurudumu, ilikuwa na maboya mawili kama hilo. Kazi yake ingekuwa kufuata wagonjwa katika vijiji ambavyo masika huvigeuza visiwa. Ndege ikiwa hewani haina taabu, alieleza Emilian. Taabu ni kuachana na maji. Maji hushika tumbo la boya kama ugali unavyoshika mwiko, na ndege humaliza nguvu zake zote katika kujibandua. Alitaja mfano wa mbuga ya Mpelelo. Ikifurika, inatoa hatua mia tisa za maji, kisha inaanza miti ya miyombo. Ndege yenye rubani peke yake inabanduka kwa hatua mia sita. Ikiwa na mgonjwa na wa kumshika mkono, inataka elfu moja na mia mbili.

"Kwa hiyo tunaweza kwenda kumwona mgonjwa," alisema Emilian, "tukampa pole, tukarudi."

Doto hakucheka. Alipitisha kidole kwenye tumbo la boya. Kulwa alikuwa ameacha binti, Theodora, sasa ana miaka ishirini na mmoja, ameolewa huko huko Mpelelo na kijana anayeitwa Ngassa. Theodora alikuwa na mimba ya miezi minne, na mkunga alikuwa amesikia mioyo miwili. Doto alimbembeleza ahamie mjini mapema, naye akaahidi kuja mwanzoni mwa mwezi wa tatu, kabla mto haujapanda. Doto aliijua ahadi hiyo. Mama yake Theodora aliitoa vile vile.

"Kazi hii iishe kabla ya mwezi wa tatu," alisema.

"Tutaona, mama."

"Sikukuuliza, mwanangu. Nimekwambia."

Wakaanza. Emilian alikuwa na sanduku alilolithamini kuliko nguo zake. Ndani yake mlikuwa na mdomo wa mdiria, manyoya ya bata, ngozi kavu ya samaki na majani ya magimbi yaliyobanwa kati ya magazeti. Viumbe hivi, alisema, vilishaufanya huu mtihani zamani na kufaulu. Kazi yetu ni kuwaibia majibu. Basi Doto aliifua pua ya boya upya mpaka ikachongoka kama mdomo wa mdiria, yule ndege anayeingia majini bila kurusha tone. Kisha akalaza mistari myembamba kwenye tumbo la boya, mmoja mmoja kwa sindano, kufuata magamba ya samaki. Kazi hiyo ilimla Desemba nzima. Mwisho wakapaka nta ya nyuki kutoka Sikonge, wakaichomachoma vitundu vidogo ili ifanane na jani la gimbi, ambalo maji hayalali juu yake hata ukiyabembeleza.

Kila hatua waliipima Igombe. Boya lilifungwa kamba nyuma ya mtumbwi wa injini, na katikati ya kamba ikaning'inizwa mizani ya kupimia asali. Boya tupu lilivuta kilo arobaini na mbili. Kwa pua ya mdiria na magamba, thelathini na saba. Kwa nta, thelathini na moja. Lakini jua la saa sita liliyeyusha nta, ikachuruzika, na mizani ikarudi ilikotoka. Walihitaji ishirini na mbili. Emilian alianza kupungua mwili. Doto alimpikia uji wa ulezi, akamwambia fundi hafi njaa mbele ya kazi, na wakapaka tena.

Siku moja ya Januari mvua iliwakuta bwawani. Emilian aliangalia kulia kwake, akamwona Doto amekaa mkavu katikati ya mtumbwi unaojaa maji. Akatoa kijitabu, akaandika tarehe, na chini yake: *Mama Doto haloweki.* Akaomba ruhusa ya kumpima. Doto akatumbukiza mkono, ukavutwa majini nyuma ya mtumbwi huku mizani imefungwa kiwikoni. Mizani haikusogea. Emilian aliigonga mara mbili, akaijaribisha kwa ndoo, akaiona nzima. Kisha akaikagua ngozi ya Doto kwa kioo cha kukuzia, akitafuta mistari, vitundu, au nta. Aliona ngozi ya mama wa miaka arobaini na saba, yenye makovu ya bati.

"Basi jibu halimo kwenye umbo," alisema, akafunga kioo chake kwa masikitiko.

Doto alijaribu kulisugua boya kwa kiganja, asubuhi nzima. Haikusaidia kitu. Jioni wakalifunga kamba ili kulirudisha garini.

Hapa yafaa kusema jambo moja la ukoo wa kina Doto. Babu wa babu yao alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na vitambaa na waya. Watu wa ukoo huo hawainui mzigo kabla hawajauambia unakokwenda. Mzigo usioambiwa, wanasema, huongezeka uzito njiani. Mpaka leo, mmoja wao akipandisha gunia la mahindi kwenye baiskeli, utamwona analiinamia kidogo na kulinong'oneza: tunakwenda mjini, tutafika saa nne, mnunuzi ni mtu mwema. Doto alikuwa amelipandisha na kulishusha boya lile miezi mitatu na hajawahi kuliambia neno, kwa kuwa lilikuwa la shirika. Jioni hiyo alichoka, akasahau la nani, akaweka kiganja juu ya bati.

"Unakwenda Mpelelo," aliliambia. "Kwa mtoto wa Kulwa. Kulwa alifika mtoni saa moja asubuhi, amevaa kitenge cha njano, na alikuwa anacheka, anasema mto huu nao una wivu."

Akaendelea kidogo, hadi saa mbili ya asubuhi ile. Kisha wakaliinua. Usiku mvua ikanyesha juu ya gari, na asubuhi Emilian akakuta boya lote limelowa isipokuwa shubiri mbili karibu na ncha.

"Ulifanya nini hapa, mama?"

"Nililiambia linakokwenda."

Emilian alimwagia maji mahali hapo. Yakakusanyika, yakaviringika, yakaenda zake. Akaandika kijitabuni, halafu akasema, "Liambie zaidi."

Doto alisimulia siku nne, boya la kushoto kisha la kulia, kiganja kikitangulia na maneno yakifuata. Alisimulia saa tatu, mwenye mtumbwi alipokataa kuvuka kwa sababu ana watoto. Alisimulia saa tano, simu ilipopata mtandao, na sauti ya mtu wa ofisini ikawaambia kuna daraja, watumie daraja. Saa saba alisimulia mchirizi wa damu uliokuwa unashuka mguuni kwa Kulwa, na saa nane jinsi walivyoimba, kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine. Kila saa ilichukua shubiri zake. Mizani ilionyesha kilo kumi na tisa. Emilian alikwenda nyuma ya kichaka, akarudi amepangusa miwani.

Siku ya kujaribu ndege nzima, rubani Uwesu, mtu wa makamo asiyependa maneno, aliipakia magunia mawili ya mahindi badala ya watu, akaipeleka mbio bwawani. Ilihitaji hatua elfu moja na hamsini. Ndege ilipopandishwa ukingoni, Emilian aliingia chini yake kwa magoti. Chini ya boya la namna hii, katikati, kuna kata kama kidato kimoja cha ngazi, na hapo ndipo maji hung'ang'ania kwa mara ya mwisho. Nyuma ya kata hiyo, kwenye kila boya, palikuwa na baka la ukubwa wa sinia, limelowa.

"Hapa hujasema, mama."

"Nimesema yote."

Emilian alipitisha kidole kwenye unyevu, akakitazama. "Maji yanasema bado."

Doto alichukua nyundo zake akaenda nyumbani. Wiki mbili hakukanyaga Igombe, na alipiga ndoo nyingi kuliko soko lilivyohitaji.

Siku ya pili ya mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi, simu yake iliita. Alikuwa Ngassa. "Mama mdogo, Theodora ameshikwa tangu alfajiri. Tulikuwa tumefunga vitu tuje kesho. Mto uko kwenye shingo za nguzo."

Doto alifika Igombe kwa pikipiki. Uwesu alikuwa anajaza mafuta. Emilian alikuwa ameshapiga hesabu na hakutaka kumtazama usoni. Kwa Uwesu, Theodora na mtu mmoja wa kumshika, ilikuwa elfu moja na hamsini ndani ya mia tisa, na miyombo haisogei. Doto alilala chali kwenye tope chini ya boya la kushoto, na tope likamwachia nafasi. Akaweka kiganja kwenye baka lile.

"Saa tisa alasiri," alisema, "Kulwa aliniomba maji ya kunywa."

Boya likangoja.

"Ya kwenye chupa yalikuwa yamekwisha. Mto ulikuwa pale, hatua tatu. Nikamwambia hapana, ya mto ni machafu, utakunywa ya kuchemsha tukishavuka. Akaniomba tena. Akaniomba mara ya tatu, na mara ya tatu nikamkaripia. Nilimwambia, Kulwa, acha utoto. Baada ya hapo hakuomba tena kitu chochote. Alikufa na kiu, pembeni ya mto, mikononi mwangu, na mimi nilikuwa nimemnyima maji ili nimwokoe."

Machozi yalimtoka yakaviringika hadi masikioni bila kulowesha shavu. Ilimuuma kama ilivyomuuma siku ile, wala haikupungua kwa kusemwa. Alipomaliza alihamia boya la kulia, akasema yote tena, bila kufupisha, kwa sababu boya la kulia nalo lilikuwa linakwenda Mpelelo.

Uwesu alipomwona anapanda na chupa tatu kubwa za maji, alisema, "Mama, kila kilo ina maana leo."

"Najua," alisema Doto, akazipakata.

Walitua mbugani Mpelelo saa tano. Ngassa na wanaume watatu walimleta Theodora kwa machela, maji yakiwafika kifuani. "Shikamoo, mama mdogo," alisema Theodora, maana alikuwa amelelewa vizuri, kisha akauma kitenge. Wakamlaza. Uwesu aligeuza ndege mpaka mkia ukagusa matete, akavuta moto. Ndege ililia, ikaanza kukimbia, na miti ya upande wa pili ikaanza kukua.

"Mama mdogo," alisema Theodora, "nina kiu."

Doto alifungua chupa ya kwanza, akamshika kichwa, akamnywesha. Hakutazama nje. Theodora alikunywa hadi nusu, akapumua, akanywa tena. Alipoinua uso ili kusema ametosheka, kelele ya maji chini yao ilikuwa imekwisha, na vilele vya miyombo vilikuwa vinapita chini kama shamba la kabeji.

"Mia saba," alisema Uwesu. Hilo ndilo neno pekee alilolisema hewani.

Watoto walizaliwa hospitalini Kitete saa nane na nusu, wa kiume akitangulia, wa kike akifuata. Majina hayakujadiliwa. Wa kwanza akawa Kulwa, wa pili akawa Doto, kama ilivyo kwa mapacha wote wa nchi hiyo. Muuguzi alipowaosha, Doto mkubwa alisogea karibu kuliko ilivyoruhusiwa. Maji yalishuka migongoni mwao, yakatapakaa, yakawalowesha kabisa, hadi vidole vikanywea. Alifurahi, akasema hivyo kwa sauti, na muuguzi akamjibu kwamba kwa kawaida maji hulowesha.

Katika wiki saba zilizofuata ndege ilichukua wagonjwa kumi na tisa. Ikaonekana kwamba maboya husahau: mwezi ukiisha, maji huanza kuyashika tena, na Doto hurudi kuyaambia, tangu saa moja hadi saa kumi na mbili, na saa tisa ndani yake. Hakuna aliyepata njia ya mkato. Emilian alijaribu kuyachezea sauti ya Doto iliyorekodiwa kwenye simu. Yalilowa vile vile.

Mwisho wa Aprili afisa mmoja alikuja Lwande na msafara wa magari matatu. Watu wa vijiji vya pande zote mbili waliitwa, wa ng'ambo wakasikiliza kutoka ng'ambo. Afisa alisimama mbele ya nguzo nne, akasifu ubunifu. Akasema kwamba, kwa kuwa usafiri wa anga sasa umepatikana, fungu la daraja litapelekwa kwenye mahitaji yenye haraka zaidi. Aliyasema kwa wepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Na daraja?" aliuliza Doto.

"Mama, nyinyi si mmeshavuka?" alisema afisa, na watu wa msafara wakacheka kidogo.

Hapo mvua ikashuka. Afisa alifunguliwa mwavuli. Wengi walikimbilia miti na magari, na waliobaki wakabaki kwa sababu hawakuona haja ya kukimbia. Mzee Zablon alibaki, ambaye mkewe aliumwa na nyoka mwaka wa nguzo. Mwanamke mmoja kijana alibaki, na mgongo wake ulikuwa na mkunjo wa mbeleko isiyo na mtoto. Walibaki wawili huku, watano kule, na ng'ambo kundi zima. Mvua ilikuwa inawapita pembeni. Kila mmoja alisimama kwenye kiduara chake cha vumbi. Miaka yote kila mmoja alikuwa amedhani ni lake peke yake, basi hakuwa amelitaja. Walitazamana, wakaamkiana.

Afisa aliwaangalia kutoka chini ya mwavuli. Akamwita Emilian.

"Ni kweli maboya yanatibiwa na mtu wa namna hii?"

"Ni kweli."

"Ni lazima awe alisubiri hapa mtoni? Na mtu wake akafa?"

"Inaelekea hivyo, mheshimiwa."

Afisa akahesabu kwa ncha ya kalamu, huku kwanza, kisha ng'ambo. Walikuwa arobaini na mmoja. Akaandika kwenye faili lake kwamba malighafi inapatikana hapo hapo kwa wingi, na kwamba ndege nyingine mbili zinaweza kuagizwa bila wasiwasi. Kabla ya kuondoka aliagiza nguzo zipakwe chokaa.

Jumatatu iliyofuata Doto alikuwa Igombe saa moja kamili. Mzee Zablon alikuwa amekuja naye, kwa kuwa boya la kulia sasa lilikuwa lake, na alikuwa amesimama mbele yake na kofia mkononi, hajui aanzie wapi.

"Anzia asubuhi, baba," alisema Doto. "Na usiruke kitu. Ukiruka, litajua."

Akakunja mikono ya gauni, akaweka kiganja kwenye ncha ya boya la kushoto.

"Unakwenda Mpelelo," aliliambia. "Kulwa alifika mtoni saa moja asubuhi, amevaa kitenge cha njano."